Datsun 1200 ya Braamfontein: Pikapu Ndogo, Raha Kubwa

Hukumu naitoa mwanzoni kabisa, maana kifua changu hakiwezi kuibana: hii Datsun 1200 ndiyo pikapu ya zamani iliyofufuliwa kwa akili kuliko zote nilizowahi kuzifungua boneti. Imefufuliwa nyumbani, kwenye maegesho ya chini ya ghorofa la wapangaji hapa Braamfontein, Johannesburg, si mbali na Mtaa wa Juta, kwa jeki, stendi za chuma, mashine ndogo ya kuchomelea na subira ambayo sijui mwenyewe aliitoa wapi. Nimeishika, nimelala chini yake, nimeivusha Daraja la Nelson Mandela na kuirudisha. Jamani, jamani!

Rangi kwanza. Ni njano ya miaka ya sabini, njano iliyokolea, isiyo na vumbi la dhahabu wala mng'aro wa kisasa, na jioni taa za maegesho zikiwaka inaonekana tangu mlangoni. Bampa zote mbili zimetiwa kromu upya. Rimu ni za chuma, inchi 13, zimepakwa rangi ya fedha, na gari limeshuka chini kiasi cha kukufanya uinamishe kichwa ulitazame vizuri. Hakuna maandishi ubavuni. Hakuna bawa la nyuma. Hakuna taa za buluu chini ya bodi. Mwenyewe alijua pa kuishia, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa.

Kwa kuwa wengi wetu tuliokulia Dar, Mombasa au Kampala hatuijui habari ya huku, niipitie kwa haraka. Nissan ilianza kuitengeneza Afrika Kusini mwaka 1971, katika kiwanda cha Rosslyn nje kidogo ya Pretoria, ikiwa na injini ya cc 1,171. Mwaka 1980 ikapewa injini ya cc 1,397, na hapo ikapata jina ambalo kila mtu wa huku analijua: 1400. Jina la Datsun likaondoka, likaja la Nissan. Taa zikabadilika, paa likainuliwa ili warefu nao wakae bila kugonga kichwa. Mifupa ikabaki ileile mpaka ya mwisho ilipotoka kiwandani mwaka 2008. Miaka 37! Ziliuzwa zaidi ya robo milioni, na mpaka leo ukisimama kwenye kona yoyote yenye shughuli mjini Johannesburg utaiona ikipita na friji, kabichi, ngazi za fundi umeme au milango ya mbao iliyofungwa kamba. Mrithi wake, NP200, naye alisitishwa mwaka 2024. Kwa hiyo ile pikapu ndogo ya daraja la nusu tani, ambayo watu wa huku huiita bakkie kama wanavyoziita pikapu zote, haitoki tena Rosslyn. Zilizopo ndizo hizo.

Hapa kuna jambo la kulielewa, kwa sababu ndilo linalofanya kazi ya namna hii iwezekane kwa mtu wa kipato cha kawaida. Afrika Kusini hairuhusu magari ya mitumba kumiminika kutoka Japani kama yanavyoshuka bandarini kwetu Dar na Mombasa. Magari mengi ya zamani ya hapa yalitengenezwa au kuunganishwa hapa, na yanazeekea hapa. Matokeo yake ni spea. Klachi, pampu ya maji, mipira ya vioo, gasketi, taa za nyuma, bampa, mpaka vipande vya sakafu vilivyokatwa tayari: vya 1400 vinapatikana dukani, na kisichokuwa dukani kipo kwenye yadi za magari mabovu. Kwetu mtu akitaka mlango wa Datsun ya 1974 atauliza mikoa mitatu. Huku unauliza barabara moja.

Na sisi Datsun hatuijui kwa kusimuliwa tu. Edgar Herrmann alishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS, akarudia mwaka 1971 kwa 240Z. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwaka 1973 kwa 240Z, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa magari ya kampuni hiyohiyo. Mwenye pikapu hii ni Mtanzania wa Tanga anayefanya kazi ya umeme wa majumbani hapa Johannesburg, na anasema mapenzi yake aliyarithi kwa baba aliyekuwa akisikiliza matokeo ya Safari redioni huku amekaa juu ya boneti ya Datsun ya jirani. Namwamini. Mapenzi ya namna hii hayaanzi ukubwani.

Aliinunua ikiwa mzoga. Ilikuwa uani kwa mtu, majani yameingia kwenye kebini, kioo cha mbele hakipo, injini imeganda. Muuzaji alikuwa akiihesabu kama chuma chakavu. Lakini ilikuwa 1200 ya paa la chini, ya miaka ya sabini, na wapenzi wa gari hili wanajua tofauti. Paa likiwa chini, mstari wa gari unatoka puani mpaka mkiani bila kukatika. Mimi ni wa kundi hilo bila kusita. 1400 ya paa la juu ni gari la kazi na naiheshimu; ya paa la chini ni nzuri, basi.

Sasa bodi, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipofanyika kweli. Watu wengi hudhani kila pikapu ina chesisi ndefu chini na bodi imepachikwa juu yake kwa bolti. Hii haina. Bodi ndiyo chesisi. Kizingiti cha mlango, sakafu, kuta za sehemu ya mizigo, vyote vinabeba uzito. Kwa hiyo kutu ya Datsun si suala la sura. Kizingiti kikioza, gari linalegea. Ukilinyanyua kwa jeki milango inagoma kufunga. Na maji yana njia zake humo: chini ya betri, kwenye kona za sakafu miguuni pa dereva, kwenye mfereji unaozunguka kioo cha mbele, kwenye mashikio ya springi za nyuma na kwenye pembe za sehemu ya mizigo ambako uchafu hukaa na unyevu mwaka mzima. Pote hapo palikuwa pameoza. Pote!

Kabla ya kukata kipande hata kimoja alichomelea mabomba ya muda ndani ya kebini, kutoka nguzo ya mlango hadi nguzo ya mlango, ili bodi isijikunje. Hili ndilo jambo wanaoanza hulisahau: ukiondoa sakafu na vizingiti kwa pamoja bila kuifunga bodi, unapokuja kurudisha milango nafasi zake zimehama, na hakuna putii duniani itakayorekebisha. Alifanya upande mmoja mpaka ukaisha ndipo akagusa wa pili.

Aliyemfundisha kuchomelea bati jembamba ni fundi bodi kutoka Lubumbashi, mtu mzima, mtulivu, ambaye siku niliyokuwapo alikuja kuitazama kazi kwa mara nyingine kama mjomba anavyokuja kumwona mpwa aliyemaliza shule. Bati la gari hili lina unene wa milimita moja hivi, na halichomelewi kama geti. Ukivuta mstari mrefu, joto linalikunja na uso wote unapata mawimbi. Unapiga nukta moja hapa, unaruka hadi upande wa pili unapiga nyingine, unasubiri bati lipoe mpaka uweze kuliwekea kiganja, unarudi. Kipande cha urefu wa mkono kinakula jioni nzima. Kisha unasaga nukta zote ziwe sawa na bati, taratibu, kwa sababu grainda nayo inaleta joto.

Nilikuwa na sumaku mfukoni, ndogo, nimeivisha kitambaa isikwaruze. Ndiyo njia yangu ya kuchunguza gari lolote lililopigwa rangi upya: penye putii nene sumaku haishiki. Nikaipitisha kwenye kizingiti cha kushoto, tik, tik, tik, ikashika mwanzo hadi mwisho. Nikapanda kwenye tao la gurudumu la nyuma. Ikashika. Nikaenda kwenye pembe ya sehemu ya mizigo, mahali ambapo kila mtu hudanganya, na ikashika kwa nguvu ileile. Mzee wa Lubumbashi alikuwa akinitazama tu. Akasema, "Gonga, kaka. Utasikia. Sasa iko muzuri." Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Chuma kitupu!

Ndani ya vizingiti, mahali ambapo jicho halifiki, wameingiza nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, na matundu ya kutolea maji yameachwa wazi kama kiwanda kilivyoyakusudia. Chini yote imepakwa praima yenye zinki. Rangi ya juu hawakuipigia kwenye maegesho, na hapa naomba msomaji anisikie: rangi za kisasa zinazochanganywa na kigandisho hutoa mvuke unaoharibu mapafu, na ghorofani kuna watoto. Bodi ilipakiwa kwenye trela ikapelekwa kwenye chumba maalumu cha kupigia rangi. Vivyo hivyo kabla ya kuchomelea, tangi la petroli liliondolewa na kutolewa kabisa nje ya jengo, na kizimamoto kilikaa miguuni muda wote. Msimamizi wa jengo aliombwa ruhusa mapema. Kufanya kazi nyumbani hakumaanishi kufanya kazi kiholela, na kijana huyu ameithibitishia kila gereji ya mjini.

Haya, injini! Hapa nilipofunguliwa boneti nilipiga kelele, na sioni haya kusema hivyo.

Hapa Johannesburg kila mwenye 1200 au 1400 huulizwa swali moja: utaweka injini gani? Kuna wanaoingiza Toyota 4A-GE yenye valvu 20. Kuna wanaoingiza injini ya Mazda isiyo na pistoni, ile ya kuzunguka, inayolia hadi mtaa wa tatu. Kuna wanaoweka turbo na kwenda kupimana ubavu kwenye njia ya mbio fupi ya Tarlton, magharibi ya jiji. Gari lina uzito wa kilo 700 hivi, kwa hiyo kila nguvu unayoongeza unaihisi mgongoni. Nimewahi kukaa ndani ya moja ya hizo na moyo ulinienda mbio. Lakini huyu kijana wa Tanga alifanya jambo la busara zaidi. Aliiweka A15.

A15 ni ndugu wa tumbo moja wa injini ya awali. Ni ile iliyotumika kwenye Nissan Vanette nyingi zilizobeba abiria na mizigo kwetu Afrika Mashariki. Bloku la chuma, silinda hedi ya aluminiamu, kemshafti iko ndani ya bloku na valvu zinasukumwa kwa fimbo. Ni cc 1,488. Tundu la silinda ni milimita 76, sawa na la 1400. Kilichozidi ni mwendo wa pistoni, milimita 82 badala ya 77. Inakaa kwenye mashikio ya familia hiyohiyo na inashika giaboksi za familia hiyohiyo. Hukati kitu, huhamishi kitu, na siku ukiharibikiwa mbali na mji, fundi yeyote wa miaka hamsini ataitambua kwa kuitazama tu. Giaboksi ni ya gia tano, imetoka kwenye 1400 ya miaka ya mwisho.

Bloku lilipelekwa kwa wakereza injini likachongwa. Kufunga alifunga mwenyewe. Silinda hedi aliifanyia ghorofani, kwenye meza ya jikoni, akisugua valvu moja moja kwenye kiti chake kwa poda ya kusagia mpaka ikabaki pete ya kijivu isiyokatika. Shemeji, yaani mkewe, ameniambia kwamba kwa muda ule walikula chakula sebuleni na hakulalamika, ila alikataza oili isifike kwenye kabati la vyombo. Viti vya valvu vya ekzosi ni vigumu, vya chuma kilichoimarishwa, na hilo si la kupuuza: Afrika Kusini iliacha petroli yenye madini ya risasi mwaka 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikikinga viti laini vya injini za zamani. Ukifufua injini ya miaka ya sabini bila kuangalia hapo, valvu zitazama taratibu na kompresheni itakukimbia.

Kabureta ya kiwandani imeondolewa. Mahali pake kuna Weber 32/36, yenye matundu mawili yasiyolingana. Ukikanyaga kidogo linafunguka lile dogo peke yake, gari linakwenda sokoni kwa adabu na petroli haitiririki. Ukikanyaga zaidi linafunguka la pili. Wapo watakaosema angeweka mbili za ubavuni, zile zinazopendeza kwenye picha. Siwaungi mkono. Hii ni pikapu ya kutumika kila siku mjini, na kwa matumizi hayo Weber hii haina mpinzani.

Kisha akafungua kikopo. Ni kikopo kidogo cha peremende, cha bati, kimefungwa kwa mpira na kukaa pembeni ya betri. Ndani yake kuna jeti za shaba zimegawanywa kwenye vipande viwili vya kitambaa, kimoja kimeandikwa kwa kalamu JUU na kingine PWANI. Nilielewa papo hapo na nilitaka kumkumbatia. Johannesburg iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Hewa ni nyembamba. Injini isiyo na turbo hupoteza hapa karibu moja ya sita ya nguvu zake, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani hutia petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: plagi zinakuwa nyeusi, ekzosi inatoa moshi, gari linakwama. Kwa hiyo huku juu unaweka jeti ndogo zaidi na unauvuta moto wa plagi uwahi kidogo. Lakini ukiteremka Durban na jeti hizohizo hali inageuka: hewa inakuwa nzito, petroli haitoshi, injini inagonga, joto linapanda, na unaweza kutoboa pistoni. Watu wengi wameua injini kwa safari ya likizo. Yeye anasimama njiani, anafungua kikopo, anabadili jeti, anarudisha taimingi nyuma kidogo, anaendelea. Wenzangu wa Nairobi mnaoteremka Mombasa na magari ya kabureta, tengenezeni kikopo hicho wiki hii.

Pointi za distribyuta zimetolewa, kuna kifaa cha elektroniki kimejificha chini ya kifuniko kilekile cha zamani. Nyaya zote ni mpya, za rangi zinazofuata mchoro wa kiwanda, zimefungwa kwa utepe wa kitambaa. Fundi umeme anajulikana kwa nyaya zake, na hizi unaweza kuzitundika ukutani. Kuna swichi ya siri ya kukata umeme na kufuli ya gia, kwa sababu 1400 na ndugu zake hupendwa sana na wezi wa mji huu.

Breki za 1200 zilikuwa dramu magurudumu yote manne, na kwa cc 1,488 hizo hazitoshi. Mbele kuna diski sasa, kutoka kwa Nissan ya baadaye. Hili alilifanya kabla injini haijaingia, na napenda mpangilio huo. Springi za nyuma, zile pau zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, hakuzipunguza. Wengi wakitaka gari lishuke wanatoa pau mbili tatu, gari linakaa chini vizuri na tangu siku hiyo haliwezi kubeba hata magunia ya mkaa. Yeye alizipeleka kwa fundi springi zikapindwa upya kwa mkunjo mdogo, pau zote zikabaki. Juzi amebeba mifuko minane ya saruji, kilo 400, na magurudumu hayakugusa tao. Pikapu isiyobeba mzigo siiiti pikapu. Hii inabeba!

Tukaingia. Mlango unafunga kwa kidole, tak. Kiti kimeshonwa kwa leksini nyeusi yenye mistari ya mlalo. Dashibodi ni ileile, imeongezwa mita moja ya presha ya oili. Akazungusha ufunguo na A15 ikawaka mara moja, ikasimama kwenye mzunguko wa taratibu bila kutetemesha kioo.

Tukapanda kutoka chini tukatokea barabarani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wits wamejaa kando, na kichwa cha kwanza kikageuka kabla hatujaingiza gia ya pili. Akanipa usukani kwenye kona. "Endesha, mzee wangu, usiionee huruma." Nikashika Mtaa wa Bertha nikaingia darajani. Daraja la Nelson Mandela lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa mita 284, na linapita juu ya njia za reli zinazoitenga Braamfontein na Newtown. Mita 284 zinatosha kabisa kulijua gari. Gia ya pili, mguu chini, tundu la pili la Weber likafunguka na sauti ikabadilika kutoka kunguruma kwenda kulia. Gari likaruka! Usukani hauna pampu wala msaada wa umeme, unahisi kila jiwe na kila kiungo cha daraja viganjani. Nikakanyaga breki mwisho wa daraja ikasimama imenyooka, haikuvuta kushoto wala kulia. Gia zinaingia fupi na safi. Kona zinakatwa bila bodi kulalia upande mmoja. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, na dereva wa daladala ya huku, wanayoiita teksi, akapiga honi mara mbili na kuninyooshea dole gumba.

Yapo nisiyoyapenda. Usukani aliouweka ni mdogo mno na unaficha nusu ya mita ya mwendo. Ule wa kiwandani uliokaa stoo urudishwe. Ekzosi ina mvumo mmoja mzito ukiwa kwenye mwendo wa kati, na kwa safari ndefu ya Durban utaumiza kichwa. Sailensa moja zaidi katikati ingemaliza. Na vioo vya giza vya ubavuni havifai kwenye gari lenye sura ya wazi hivi. Nimemwambia yote matatu. Mawili amekubali. La vioo anasema jua la huku ni kali, na anayeendesha ni yeye.

Makaratasi yako sawa, na hili waulizeni wote wanaowauzia gari lililobadilishwa. Afrika Kusini ukibadili injini lazima polisi waikague namba yake kuhakikisha haikuibwa, kisha iandikwe kwenye usajili wa gari, na gari lipite ukaguzi wa usalama. Nimeiona namba kwenye bloku na nimeiona kwenye hati. Ni ileile.

Je, ingewezekana kwetu? Nasema inawezekana, ingawa kwa njia tofauti kidogo. Spea za bodi hatuna nyingi, lakini tuna mafundi wa kukunja bati wa Gerezani, Dar, na Gikomba, Nairobi, wanaoweza kukutengenezea kizingiti kwa kutazama cha upande wa pili. Injini za A zimo bado kwenye Vanette zilizokufa. Na kama si Datsun, ipo Peugeot 404 ya pikapu, gari la jamii ileile ambayo Bert Shankland wa Tanzania alishindia Safari mwaka 1966 na 1967, na zimebaki uani kwa wazee wetu wengi zikiwa zimejaa kuni na kuku. Kila mwaka zinapungua, kwa sababu mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mizani yake na anatoa fedha taslimu.

Kwa hiyo ninakuomba wewe unayesoma. Kama mjomba ana pikapu ya zamani nyuma ya nyumba, usisubiri. Nenda na bisibisi na sumaku, inua zulia, choma sakafu miguuni pa dereva, pima vizingiti, andika namba ya injini, uliza kadi ya gari iko wapi. Kama vizingiti vimeoza, vinatengenezeka. Nimeona kwa macho yangu kwamba vinatengenezeka. Kama injini imeganda, zipo nyingine. Ila pikapu ikishapimwa kwa kilo hairudi. Mpigie mjomba leo.